Safu ya Salamu

Nisikilize kidogo, wewe uliyeambiwa kazini kwako kwamba kuanzia wiki ijayo utakuwa unasikiliza mitandao. Usiogope jina la kazi. Kama unaweza kukaa mnadani asubuhi nzima bila kununua kitu, kisha ukarudi nyumbani ukaeleza ng'ombe wa nani walisifiwa na wa nani walipitwa bila kuguswa, basi kazi hii unaiweza tayari. Iliyobaki ni kujua pa kukaa. Mimi niliijua kompyuta kabla sijajua pa kukaa, na kosa langu lilikaribia kumvunjia heshima mama mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kikundi chetu kiko Bashay, huku Mbulu, na tunauza mbegu ya vitunguu saumu. Sisemi saumu ya jikoni. Nasema vichwa vilivyochaguliwa kimoja kimoja, vikubwa, vikavu, visivyo na jeraha la jembe. Mchaguzi alikuwa mama mmoja mjane, jirani wa mama yangu mzazi. Tangu kikundi kianze, hakuna kichwa kilichotoka ghalani bila kupita mikononi mwake. Alikigeuza, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakinusa, akakiweka kulia au kushoto. Sote tulimwita mama wa mbegu. Hakuwa na cheo wala hakupata chochote kuzidi wengine. Alichokuwa nacho ni kwamba mkulima wa Hanang aliposema mbegu ya Bashay ni nzuri, bila kujua alikuwa anausifu mkono wake.

Mwenyekiti wetu ni mzee mwenye utani mwingi. Alikuwa amesikia kwenye semina kwamba siku hizi mteja hakulalamikii tena mlangoni, analalamikia kwenye simu mbele ya dunia nzima, nawe unakuwa wa mwisho kujua. Akaniita, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea mambo ya habari na mawasiliano, akaniambia nikae dirishani pa ghala, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, nimsikilizie dunia.

Nilianza vizuri, na hatua zile bado nazisimamia. Kwanza niliandika maneno ya kutafuta: jina la kikundi, jina la kata yetu, saumu, mbegu, Mbulu, Hanang. Nikayaingiza kwenye huduma ya bure inayotuma arifa kila neno lako linapoonekana hadharani. Kwenye mitandao ambayo arifa haziingii nilikuwa nafungua mwenyewe asubuhi na jioni na kutafuta kwa mkono. Yote niliyoyapata niliyaingiza kwenye jedwali: tarehe, nani, yuko wapi, amesema nini. Nilisoma yaliyowekwa hadharani tu. Kundi la faragha la watu ni kama boma lao. Huingii eti kwa sababu umekuta mlango wazi.

Siku ya kwanza utapata takataka nyingi, usikate tamaa. Neno saumu liliniletea mawaidha ya mfungo kutoka pwani, mazuri sana, lakini hakuna aliyetaja mbegu. Neno Mbulu lilileta mpira, misiba na kijana aliyeuza pikipiki. Nikajifunza kuyaoanisha: saumu ikae pamoja na mbegu, shamba au kupanda, mfungo na futari zitolewe. Kufikia siku ya nne jedwali lilikuwa safi. Neno moja tu lilinishinda kulichuja. Hanang iliniletea mlima, na watu waliokuwa bado wanaweka picha za nyumba zao za Jorodom, pale Katesh, zilivyokuwa kabla ya tope la mlima kuzifunika. Hazikuwa na habari ya saumu. Niliziacha ziendelee kuja, nikawa nazisoma.

Kisha nikaweka hashtegi, yaani ile alama ya reli inayotangulia maneno yaliyounganishwa. Wazee niliwaeleza kwamba ni chapa. Ukimchapa ng'ombe wako, hata akichanganyika na kundi la watu wengine utamtoa. Tukachagua jina la kikundi na neno mbegu, basi. Lakini chapa inataka ngozi ya kukaa. Mbegu yetu ilikuwa inasafiri kwenye mifuko ya neti, na neti haichapiki maandishi. Nikapendekeza viroba vya kung'aa vyenye nailoni kwa ndani, na hashtegi ingeonekana kubwa kifuani. Mteja akipiga picha ya mzigo wake, chapa ingekuwa imeshaingia kwenye picha.

Mama wa mbegu alikichukua kiroba cha mfano, akatia mkono ndani, akauacha kwa muda, akautoa.

"Saumu inapumua, mwanangu," alisema.

Nilimweleza kwa upole, kama ninavyoeleza mambo yote, kwamba mbegu ingekaa humo siku mbili tu, na kwamba bila chapa tusingeweza kuwasikia wateja wetu. Akasema sawa. Akarudi kwenye vichwa vyake. Nikafurahi kwamba nimeeleweka.

Viroba havikutosha wote, kwa hiyo tuliwapa wateja wa mbali, wa Balangdalalu na Katesh, ambao picha zao ndizo tulizozitaka zaidi. Wa karibu, wanaokuja wenyewe na punda au bodaboda, waliendelea na neti. Mbegu ilikuwa ile ile, ya rundo lile lile.

Mwisho nikatengeneza sehemu niliyojivunia kuliko zote: maneno ya hasira. Imeoza. Hasara. Feki. Haikuota. Mmetudanganya. Ujumbe wenye neno moja kati ya hayo ungegeuka mwekundu kwenye jedwali, wenye swali ungekuwa wa njano, uliobaki wa kijani. Kila Jumatatu mwenyekiti alisimama dirishani akaniuliza mtandao unasemaje, nikamjibu ni kijani. Alilipenda neno lile. Akaanza kuwajibu hivyo hata watu waliomwuliza hali ya mke wake.

Wiki tatu za kijani. Wiki ya nne wakala wetu wa Katesh akapiga simu. Alisalimia kwa muda mrefu, halafu akamwambia mwenyekiti kwamba wakulima wa Balangdalalu wanatafuta mbegu kwingine. Ile ya kwetu ilikuwa imeanza kuoza kabla ya kuingia ardhini.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo. Mjumbe mmoja alisema, bila ubaya, kwamba macho ya mama wa mbegu yamechoka, na mtu mwenye macho ya ujana angeliona lile doa alilolipita yeye. Wengine walikubali kwa kutazama chini. Ikapangwa kwamba Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wanachama wote wakae na kuamua kama kazi ya kuchagua apewe mwingine. Mwenyekiti alinigeukia, utani umemwisha.

"Na wewe na kijani chako," alisema, "hukusikia kitu?"

Sikusikia kitu. Nilirudi dirishani nikapekua jedwali lote. Hakuna aliyeandika imeoza. Hakuna aliyeandika hasara. Mama wa mbegu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, anageuza kichwa, anabonyeza, ananusa. Habari ilikuwa imemfikia. Mikono haikubadilika mwendo, ila kila kichwa sasa alikiinua kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, kama mtu aliyeanza kuyashuku macho yake mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake nikiwa na kompyuta. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniwekea chai ya maziwa. Nilimwonyesha jedwali, nikamweleza rangi zake, nikakiri kwamba sielewi: watu wamepata hasara na hakuna aliyesema. Akauliza ni maneno gani ninayoyavizia. Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye mmetudanganya alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Akaniuliza nani wa huku angeandika hivyo kumwandikia mtu anayemfahamu, mbele za watu. Nikasema pengine mtu wa mjini. Akasema basi nimetega mtego wa sungura nikingojea fisi. Akanisimulia habari ya shemeji yake, waliyegombana kuhusu mpaka wa shamba. Kwa miaka miwili hakutamka neno moja baya. Walipokutana njia ya kisimani alisalimia, akapita. Hakuuliza mvua, hakuuliza mifugo, hakuuliza watoto.

"Mtu wa kwetu akikasirika hakutukani," alisema. "Anakusalimia nusu. Nisomee salamu zao, hayo mengine yaache."

Nikafungua ujumbe wa wateja ulio hadharani, nikamsomea kwa sauti, wa msimu uliopita kwanza. Mkulima mmoja wa Balangdalalu alikuwa ameandika: Shikamooni wazee wote wa Bashay, habari za mvua huko juu, mifugo inaendeleaje, watoto wanasoma, sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, mbegu imefika salama. Nikatafuta ujumbe wa mtu huyo huyo wa msimu huu, chini ya picha ya kiroba chenye chapa yangu kubwa kifuani: Habari. Mbegu imefika.

Kwenye jedwali langu ujumbe ule ulikuwa wa kijani. Haukuwa na neno la hasira wala swali, basi ukapata kijani.

"Huyo amekasirika sana," mama alisema, na akavuta kikombe changu aniongezee chai.

Tulisoma hadi jua likatoka mlangoni likahamia ukutani. Yeye hakuwa na haja ya kuona skrini, alifumba macho akasikiliza. Huyu mzima, alisema. Huyu ana haraka tu, msimu uliopita pia alikuwa na haraka. Huyu amekasirika. Nami nikaongeza safu mpya kwenye jedwali, nikaiita salamu, nikajaza: nzima au nusu. Kisha nikaongeza nyingine ya kimya, kwa wale waliokuwa wanaweka picha kila msimu na safari hii hawakuweka kitu. Hapa naomba uweke alama, maana ndiyo sehemu inayowapita wengi. Neno unalolitafuta linakuonyesha aliyesema tu. Ili umjue aliyenyamaza, lazima uwe umeandika kwanza kawaida yake, mmoja mmoja, wakati wa heri.

Safu zilipojaa nikazipanga kwa mahali. Watu wa karibu na Bashay, salamu nzima, wote isipokuwa yule wa haraka. Watu wa Balangdalalu, nusu au kimya. Katesh, nusu. Mkono uliochagua mbegu ulikuwa mmoja. Kama macho ya mama yangekuwa yamechoka, yangechoka kwa watu wa karibu pia. Nikamwambia hivyo, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo.

Basi kilichotofautiana kilikuwa safari. Nikafungua picha moja moja. Zote za salamu nusu zilikuwa na viroba vya kung'aa.

Chapa yangu ilikuwa inanitazama kutoka kila picha, herufi kubwa, imesomeka vizuri kabisa, kama nilivyotaka. Nikakumbuka mkono ule ndani ya kiroba cha mfano. Halafu nikakumbuka jambo jingine. Zamani nikimwamkia mama huyu, marahaba yake ilikuwa ni mwanzo tu. Ilifuata goti la mama yangu, mbuzi wetu aliyezaa mapacha, kama nimekula, kama nimeandikiana na dada yangu. Tangu siku ya viroba aliitika marahaba, akaendelea na kazi. Hata siku hiyo, mlangoni kwake, aliitika marahaba akaniwekea chai. Nilikuwa nasikiliza wilaya mbili, na huyu wa hatua chache kutoka kiti changu sikumsikia kwa mwezi mzima.

"Mama," nikasema, "na mimi umekuwa ukinisalimia nusu."

"Nilishakuambia mara moja," akajibu. "Mara ya pili ni ugomvi."

Sikutaka kwenda mkutanoni na dhana tu, nikampigia simu mteja mmoja wa Jorodom, mama aliyekuwa anapanda kwa mara ya kwanza tangu tope lifunike shamba lake na lisafishwe. Nilimkumbuka kwa picha zake. Safari hii nilimsalimia hadi mwisho. Niliuliza mvua, watoto, shule, jirani zake, mlima umeamkaje. Tulifika mbali sana kabla hajaigusa mbegu, na alipoigusa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Gari lilikwama njiani kwa matope, akasema, viroba vikalala siku kadhaa chini ya turubai. Alipofungua chake alitia mkono.

"Kulikuwa na joto ndani," alisema, "kama mkate uliotoka kwenye moto. Nikaona aibu kuwaambia. Mbegu zenyewe zilikuwa kubwa, zimechaguliwa vizuri."

Nilimwomba arudie maneno yale ya mwisho, nikayaandika.

Jumapili ile, baada ya ibada, wanachama walikaa kwenye mabenchi nje ya ghala. Mjumbe aliyesema habari za macho alisimama kwanza, akaeleza hoja yake kwa heshima. Mama wa mbegu alikaa pembeni, mikono mapajani, haina kazi. Ilipofika zamu yangu sikuwasha hata kompyuta. Niliweka mbele yao kiroba kimoja na neti moja, vyote nilikuwa nimevijaza saumu siku nne kabla na kuvifunika turubai. Nikawaomba watie mikono. Walipita mmoja mmoja. Waliotia mkono kwenye kiroba waliutoa haraka wakaufuta kwenye nguo. Kisha nikaeleza jedwali, mahali kwa mahali, nikasoma maneno ya yule mama wa Jorodom, na nikasema ni nani aliyeleta viroba na kwa nini, na nani aliyemwonya.

Mwenyekiti akakitazama kiroba, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo kompyuta imejishtaki yenyewe," alisema. "Hata mahakamani hatujawahi kuona."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimaliza mambo mengi. Mjumbe yule alitoka kwenye benchi lake, akaenda hadi kwa mama wa mbegu, akamwamkia upya, shikamoo ya kuinama, akamwuliza ng'ombe wake, akamwuliza paa lake linalovuja. Alimsalimia kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ametoa hoja. Swali la kumwondoa halikupigiwa kura. Hakuna aliyelitaja tena.

Tulituma mbegu nyingine kwenye neti kwa kila aliyepata kiroba, waliosema na walionyamaza. Hashtegi sasa imeandikwa kwenye kikaratasi kigumu kilichofungwa kwa uzi kwenye mdomo wa neti, na picha zinaipata vizuri tu. Mama wa mbegu alisema salamu za kuomba radhi hazitumwi kwa dereva. Alipanda gari mwenyewe, akakaa mbele na kanga yake mpya, akashukia Balangdalalu na Jorodom, akaingia nyumba kwa nyumba. Wiki iliyofuata mkulima yule aliyeandika Habari tu aliweka picha ya neti shambani kwake. Chini yake alikuwa ameandika salamu ndefu mpaka nikalazimika kubonyeza ili nione iliyobaki. Alianza na wazee, akaenda kwenye mvua, mifugo na watoto, na mbegu akaitaja mwishoni kabisa. Nikaijaza safu: nzima.

Na asubuhi aliporudi kazini nilimwamkia nikiwa nafungua dirisha.

"Marahaba mwanangu," akaitika, akiwa ameshashika kichwa cha kwanza. "Mama yako na lile goti? Na wale mapacha, wananyonya wote au kuna mmoja anasukumwa?"

Nilizima kompyuta kwanza, nikamjibu yote.

Bado natumia maneno ya hasira, maana siku moja atakuja mtu wa mjini na atayaandika. Bado natumia arifa na rangi. Lakini jedwali langu halianzi tena hapo, na lako pia lisianzie hapo. Leo, kabla hujaandika neno lako la kwanza la kutafuta, chukua karatasi. Orodhesha watu kumi wanaokutegemea katika kazi yako, na uanze na yule anayekaa karibu nawe zaidi. Mbele ya kila mmoja andika jinsi alivyokusalimia mara ya mwisho mlipokuwa na amani. Kisha tafuta salamu yake ya wiki hii, isome kwa sauti, ulinganishe. Ukimpata aliyepunguza, mpigie simu, msalimie mpaka mwisho, ndipo umwulize.